Kupotea, kutekwa, kutoroka: haya sio maneno mamoja

Wiki hii picha ya Andrew Gosden imezunguka tena kwenye magrupu, ile iliyotoka kwenye kamera ya stesheni, kijana mwembamba, tisheti nyeusi, begi begani, na chini yake mtu kaandika "mtoto wa Kiingereza aliyetekwa London 2007". Nimeiona mara tatu ndani ya siku nne na mara zote neno ni hilohilo, ametekwa, halafu kwenye komenti anatokea mwingine kumsahihisha, anasema hakutekwa bwana, alitoroka kwao. Wote wawili wamekosea na kosa lao ni moja, kila mmoja kajaza jibu pale ambapo polisi wenyewe wa Uingereza hawajawahi kuwa na jibu.

Maana kwanza, haina mambo mengi. Kwa polisi wa kule mtu aliyepotea ni yeyote yule ambaye haijulikani alipo, na ataendelea kuhesabiwa hivyo mpaka apatikane na ijulikane kama yuko salama au hayuko salama. Basi. Hakuna kipengele cha kaondokaje wala kaondoka na nani, na hakuna kusubiri masaa 24 ndo uende kutoa taarifa, hiyo ya masaa 24 watu wanaisema kila mahali mpaka imekuwa kama sheria na kule sio sheria, mtoto asipoonekana unapiga simu saa hiyohiyo. Wanachopima polisi ni hatari iliyopo, kuanzia ndogo sana mpaka kubwa, na umri wa mtoto ni moja ya vitu vinavyopandisha hiyo hatari.

Sasa hapa kwenye lugha ndo panaponiuma.

Sisi neno kupotea tunalitumia kwa vitu viwili na hatujiulizi. Kuna kupotea kwa mtoto sokoni, kaachia khanga ya mama yake kwenye msongamano, kasimama mbele ya meza ya dagaa analia hata jina lake hawezi kulitamka vizuri, muuza dagaa anambeba mpaka msikitini na kipaza sauti kinatangaza mtoto ameokotwa, wa kiume, kaptula ya bluu, ndala mguu mmoja tu. Huyo kapotea yeye, maana yeye mwenyewe hajui alipo. Lakini kuna kule kupotea kwingine, unakutana na mtu hamjaonana miezi sita anakwambia we ndugu umepotea sana! Hujapotea popote, ulikuwa Mwanza kikazi, nyumba unaijua na njia unaijua, ni yeye ndiye hakuwa anakuona. Kwa hiyo neno hilohilo mara linamzungumzia anayetafutwa na mara linamzungumzia anayetafuta, na fasili ya polisi wa Uingereza ni ile ya pili. Andrew huenda siku ile alikuwa anajua kabisa alipo. Waliokuwa hawajui ni wazazi wake.

Na Kiswahili kina neno la hiyo hali, kizuri kabisa, tumeacha tu kulitumia: kupotewa. Nimepotewa na mwanangu. Isome tena pole pole. Neno limemwangukia mzazi, ndiye aliyefikwa, na kuhusu mtoto halisemi chochote, halisemi kaondoka mwenyewe, halisemi kachukuliwa, halimlaumu wala halimsafishi. Hata neno lao wenyewe Waingereza, missing, lina asili ya karibu na hapo, limetoka kwenye kitenzi cha zamani chenye maana ya kukosa shabaha, kama mtu karusha jiwe kwenye embe likapita pembeni. Anayekosekana. Ukiliangalia hivyo unaona kwamba "aliyepotea" sio jibu la swali, ni jina la swali lenyewe.

Kutekwa ni kitu kingine kabisa. Kuteka ni tendo lenye mtu nyuma yake, unateka maji wewe, majeshi yanateka mji, ndo tukapata mateka. Ukisema ametekwa umeshasema kuna mtekaji, sentensi inabaki mdomo wazi inasubiri "na nani". Na kama huna wa kumtaja basi watu watakutafutia, hiyo nitairudia chini.

Kutoroka nako kuna mzigo wake, tena mzito. Leo mtoro tunamjua ni mwanafunzi asiyeonekana darasani, ila huko pwani karne ya 19 watoro walikuwa ni watumwa waliowakimbia mabwana zao, wengine wakajikusanya kwenye vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo huko Kenya, wengine wakakimbilia misheni ya Rabai. Yaani neno huko lilikuwa na upande wa mwenye mali, yule anayelalamika kwamba kitu chake kimeondoka bila ruhusa. Na mpaka leo lina harufu hiyo, ukimwita mtoto mtoro umeshamtia hatiani kabla hujajua alikuwa anakimbia nini. Kutoweka ni afadhali kidogo, linasema tu alikuwepo halafu hayupo, japo masikioni linaleta hali ya muujiza, kama moshi, na mtoto sio moshi, mtoto anapita barabarani na ananunua tiketi na kuna watu wanamwona.

Maana Andrew alionekana. Ijumaa tarehe 14 Septemba 2007, miaka 14, mtoto wa Doncaster kaskazini mwa Uingereza, shule hakosi, aliondoka nyumbani asubuhi kama anaenda shule kisha wazazi walipotoka akarudi. Koti la sare akaliweka kwenye kiti, shati na suruali akavitia kwenye mashine ya kufulia, akavaa tisheti yake ya bendi ya Slipknot na jinzi nyeusi. Akatoa pauni 200 kwenye ATM, karibu zote alizokuwa nazo benki. Stesheni akanunua tiketi ya kwenda London, pauni 31 na senti 40, na muuza tiketi akamwambia kwa senti 50 tu za kuongeza unapata ya kwenda na kurudi, akasema hapana, anataka ya kwenda tu. Treni ya saa 3 na dakika 35. Saa 5 na dakika 25 kamera ikamnasa anatoka nje ya stesheni ya King's Cross, na hakuna aliyethibitisha kumwona tena tangu hapo.

Mtu wa "alitoroka" akifika hapo anasema si unaona, tiketi ya kwenda tu. Haya, lakini nyumbani aliacha karibu pauni 100 za zawadi ya siku ya kuzaliwa, kachukua kigemu chake cha PSP na chaja kaiacha, na funguo za nyumba alizibeba. Anayehama haachi hela, na anayekwenda mara moja akarudi jioni angelipa zile senti 50, kwa hiyo kila kitu kinavuta upande wake na kila ukidhani umepata kimoja kinachomaliza ubishi kuna kingine kinakukatalia. Ni mtoto aliyeondoka mwenyewe nyumbani, hilo halina ubishi, ila kuondoka mwenyewe asubuhi hakusemi alichokutana nacho mchana. Unaweza ukawa umetoka kwenu kwa miguu yako na bado ukawa umefanyiwa ubaya na mtu mwingine saa mbili baadaye. Ndo maana maneno mawili haya hayawezi hata kupingana vile watu wanavyoyapinganisha kwenye komenti.

Na hii sio mambo ya lugha tu, neno unalochagua linaamua nani atatafutwa na kwa haraka gani. Siku ile shule iliona hayupo ikapiga simu nyumbani, namba ikawa ya mzazi mwingine, kwa hiyo mpaka muda wa chakula cha jioni wazazi walidhani yuko chumbani kwake anacheza gemu. Baadaye sana, mwaka 2013, polisi wa Uingereza waliweka kundi jipya pembeni ya waliopotea, wakaliita la wasiokuwepo, yaani mtu hayupo anapotakiwa kuwepo ila haionekani kama kuna hatari, na aliyeingizwa huko hakutafutwa kama wenzake. Watoto wakaangukia humo, wakiwemo wale waliozoea kuondoka ondoka, ambao mara nyingi ndo wako kwenye hatari kubwa zaidi. Kelele zikapigwa na lile kundi likaja kuondolewa. Neno moja lilibadilishwa kwenye fomu na mtoto akawa hatafutwi.

Upande wa ametekwa nao umeumiza watu. Desemba 2021 wanaume wawili walikamatwa London kwa kushukiwa utekaji na usafirishaji haramu wa binadamu kuhusiana na Andrew, na habari ilipotangazwa Januari 2022 posti za Kiswahili zikaandika kwamba watekaji wamepatikana. Walikamatwa, hawakushtakiwa. Waliachiwa huku uchunguzi ukiendelea, na 2023 polisi wa South Yorkshire, ndo wa eneo la Doncaster, wakasema wameshawaondoa kwenye uchunguzi, hawahusiki. Hiyo habari ya pili sijaiona kwenye grupu hata moja. Mshukiwa ni mtu ambaye polisi wanataka kujua zaidi kuhusu yeye, mshtakiwa ni aliyepelekwa mahakamani, na kati ya hao wawili kuna umbali ambao kwa hawa ulichukua karibu miaka miwili na ukaishia pasipo na kitu. Na kwa kuwa hakuna mshtakiwa, hata kuiita kesi ni kuzidisha, kwa Kiswahili chetu kesi iko mahakamani, hili ni jalada la uchunguzi na bado liko wazi.

Baba yake amekuwa akizungumza na vyombo vya habari miaka yote hii, na mwaka 2011 familia ilitafuta kampuni binafsi ikaja na vifaa vya sona, vile vinavyotumia mawimbi ya sauti kuona chini ya maji, kupekua mto Thames unaopita London. Hawakumkuta. Hebu fikiria mzazi anayelipia mto upekuliwe halafu wiki hiyohiyo anaendelea kuomba mtu yeyote aliyemwona mwanawe akiwa hai apige simu. Hawajachagua, hawana cha kuchagulia. Hiyo ndo kupotewa, ni kushika majibu yote kwa pamoja mwaka baada ya mwaka, na sisi tunakuja na neno moja tunawachagulia.

Kwa hiyo ukiipata tena ile picha wala usiifute, irushe, kusambaza kunasaidia. Pale tu palipoandikwa ametekwa badilisha, andika Andrew Gosden anatafutwa, alikuwa na miaka 14, alionekana mara ya mwisho King's Cross, London, tarehe 14 Septemba 2007. Na uongeze kwamba alizaliwa Julai 1993 kwa hiyo watu wasitafute mtoto wa kwenye picha, watafute mwanaume wa miaka thelathini na kitu, sikio la kushoto halisikii, na la kulia lina mkunjo wa ziada pembeni.