Kimya cha melini: tunavyodhani na ilivyo

Mtu wa Unguja au Pemba akipata kazi kwenye meli ya kitalii, awe mpishi, mhudumu wa mezani au msafisha vyumba, safari yake si ya wiki mbili. Mkataba kwa kawaida ni miezi sita hadi tisa. Muda wote huo mke, mama na watoto wanaishi naye ndani ya simu. Nimeona ndoa zikitikisika na wazee wakipandwa na presha kwa mambo ambayo hayakutokea kabisa, yaliyozaliwa na kimya tu na namna tulivyokifasiri. Inaniuma, kwa sababu mengi yangekwisha kama familia ingejua meli inafanyaje kazi kabla ya kijana kubeba begi lake.

"Kimya maana yake pana jambo"

Sisi tuna haki ya kuogopa. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kwa aliyezipitia siku zile, kusikia kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, na mwenye namba hiyo yuko baharini, si jambo dogo. Simwambii mtu asiogope. Namwambia ajue kinachotokea.

Minara ya simu ya nchi kavu haifiki mbali baharini, ni makumi machache ya kilomita tu. Meli ikishavuka hapo, kila neno linalotoka ndani yake linapanda kwenye setelaiti. Halafu kuna safari za kuhamisha meli: majira ya kuchipua meli nyingi hutoka Karibi kwenda Mediterania, na majira ya vuli hurudi. Kuivuka Atlantiki huchukua siku sita, saba, bila bandari hata moja. Katika safari kama hiyo, siku tatu nne za kimya ni hali ya kawaida.

Wengine siku hizi wanafuatilia meli kwenye ramani za mtandaoni kama MarineTraffic au VesselFinder, na hapo ndipo khofu inapozidi, kwani alama ya meli hutoweka katikati ya bahari. Meli haijaenda popote. Chombo hutangaza mahali kilipo kwa redio iitwayo AIS, na vituo vya pwani huisikia redio hiyo kwa umbali wa maili za baharini arubaini, sitini hivi. Zaidi ya hapo lazima isikiwe na setelaiti, na taarifa za setelaiti mara nyingi hulipiwa. Kwenye ramani ya bure meli "inapotea" ikiiacha pwani na "kuonekana" ikiikaribia pwani nyingine. Ukiikosa, angalia bandari inayofuata na tarehe ya kufika, kisha usubiri.

Na ikitokea ajali ya kweli haitajificha. Meli hizi hubeba vifaa vya dharura vinavyopeleka ishara ya setelaiti kwa vituo vya uokoaji, hata kama hakuna mkono uliobonyeza kitu. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, dunia ilijua usiku uleule. Meli yenye maelfu ya watu haiwezi kuzama wewe ukakosa kuisikia kwa wiki nzima.

"Tiki moja: kanizuia"

Tiki moja kwenye WhatsApp inasema ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake. Basi. Ni kweli aliyezuiwa huona tiki moja, lakini huiona pia yule ambaye mwenzake yuko ghorofa za chini melini, kwenye chumba cha chuma, bila bando.

Linalovunja nyumba zaidi ni ile saa ya "mara ya mwisho". Mke yuko Jang'ombe, anaamka kwa Alfajiri na kuona mumewe alikuwa hewani saa kumi na moja. Alikuwa na nani saa hizo? WhatsApp inaonyesha saa kwa majira ya simu yako wewe, si ya kwake. Kama meli iko Miami wakati wa kiangazi, saa kumi na moja alfajiri ya Zanzibar ni saa nne ya usiku kule. Ametoka kuhudumia chakula cha jioni, amevua viatu, amefungua simu.

Kisha meli inaingia Dubai. Anatumia laini ya pale, ujumbe unapita na picha zinapita, lakini simu ya WhatsApp haishiki hata ukijaribu mara kumi. Emirati zimezuia simu za aina hiyo kwenye mitandao yao. Ukipigiwa ikakatika, ukapiga isiite, muandikie au mtumie sauti, na vita viishie hapo.

"Siku hizi kuna Starlink, udhuru umekwisha"

Hili lina ukweli ndani yake. Setelaiti za zamani zinakaa kilomita karibu 35,800 juu ya ikweta, na sauti kwenda na kurudi inachelewa zaidi ya nusu sekunde, hivyo mnasemeshana huku mkikatizana. Zile za Starlink, huduma mpya ya intaneti ya setelaiti, ziko kilomita mia chache tu. Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilitangaza Agosti 2022 kwamba itazifunga kwenye meli zake, na kampuni nyingine zikafuata. Mtandao wa melini umekuwa bora kuliko ulivyopata kuwa.

Lakini mtandao mzuri wa abiria si lazima uwe mtandao wa wafanyakazi. Mara nyingi wao wana bando lao, wanalinunua kwa mshahara wao, na linaisha. Meli ikiingia kwenye maji ya nchi isiyoiruhusu huduma ya Starlink, huduma huzimwa. Na hata ukiwa na mtandao wa ajabu, bado kuna kazi. Sheria ya kimataifa inamhakikishia baharia mapumziko ya angalau saa 10 kwa siku, na saa hizo zinaweza kugawanywa vipande viwili. Ndani yake atoe usingizi, kufua, kuoga, kuswali, kula, na sisi.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba sheria mpya imeifanya intaneti ya mabaharia kuwa bure. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini, ndiyo sheria hiyo ya kimataifa, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024 yameyaweka mawasiliano na familia miongoni mwa huduma anazostahili baharia. Mwongozo wake unasema mwenye meli atoe intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo yawe ya wastani. Ni hatua kubwa, na baharia anaweza kuitaja akilalamika kuhusu bei. Bure haikuandikwa.

"Anipigie saa ile ile kila siku"

Saa ya melini haitulii. Meli ikielekea magharibi, usiku mmoja nahodha anatangaza saa irudishwe nyuma, na baada ya siku mbili tena. Simu iliyo kwenye hali ya ndege haijibadilishi yenyewe. Juu ya hapo kuna saa zetu za Kiswahili: kijana aliyezoea saa ya meli anaandika "nitapiga tisa" akimaanisha saa tatu ya usiku, mama anakaa macho mpaka saa tisa ya usiku.

Mimi nashauri kipimo kiwe swala ya nyumbani. Zanzibar iko karibu na ikweta, nyakati za swala hazipandi wala kushuka sana mwaka mzima, na hakuna asiyezijua. "Baada ya Isha ya Unguja" haina utata. Ila angalieni kazi yake. Saa mbili ya usiku Zanzibar ni saa saba mchana Miami wakati wa kiangazi, na mhudumu wa mezani saa hiyo amebeba sahani za chakula cha mchana, hawezi hata kuitoa simu mfukoni. Msafisha vyumba mara nyingi huwa na pumziko baina ya zamu ya asubuhi na ya jioni, yeye anaweza. Alaska saa hiyo ni saa tatu asubuhi. Meli ikiwa Mediterania majira ya joto, hamuachani kwa zaidi ya saa moja, na mambo yanakuwa mepesi.

Mkishindwa kupatana saa, tumianeni sauti. Dakika moja ya sauti haifiki megabaiti moja, wakati simu ya video hula megabaiti kadhaa kila dakika. Sauti inasubiri mtandao, na mtoto anaweza kuisikiliza tena akitoka skuli. Baba akirekodi sura fupi anayoisoma, mtoto akajibu kwa kusoma yake, wote wawili wamekuwa pamoja bila kugombana na saa.

"WhatsApp inatosha"

Haimtoshi bibi wa Micheweni mwenye kitochi. WhatsApp haipigi kwenye simu ya namna hiyo. Baharia anahitaji programu inayoweza kupiga namba za kawaida kwa salio, kama Viber Out. Waliozoea Skype wajue ilifungwa Mei 2025. Na ikitokea simu ya namba inayoanza na +870, familia nyingi hukata wakidhani ni matapeli. Hiyo ni namba ya simu za setelaiti za Inmarsat, na huenda ni yeye, kwa hiyo pokea. Usiipigie wewe, vocha yako itayeyuka.

Laini ya nyumbani nayo isitupwe. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine, na msimbo wa kufungulia WhatsApp huletwa kwenye namba hiyohiyo.

"Usiiguse simu, roming itafanya kazi"

Baharini simu hunasa mtandao wa meli wenyewe, ambao bei yake ni ya setelaiti na kwa kawaida haumo kwenye vifurushi vya roming. Weka hali ya ndege, kisha washa wai-fai peke yake. Abiria pia.

"Msiba tumfiche mpaka arudi"

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Tunafanya hivi kwa huruma. Mama kafariki, maziko ni leo leo, mtoto yuko upande wa pili wa dunia na hata akipanda ndege sasa hivi hatamkuta. Tunasema atafanya nini kule peke yake? Na anashika visu, moto, mashine. Basi afichwe.

Hafichiki. Kabla ya hitima binamu ameshaweka picha ya marehemu kwenye status, rafiki wa Dar es Salaam ameshaandika "pole sana kaka", na kijana anaisoma amesimama jikoni baina ya oda mbili. Yule aliyekuwa akimlilia Mungu amwone mama yake anajua kwamba nyumba nzima ilimdanganya kwa wiki tatu akiuliza "mama hajambo?" Kidonda hicho kinachelewa kupona kuliko cha msiba.

Njia ipo. Kwanza zuieni status. Halafu pigeni namba ya dharura ya kampuni, au wakala aliyempeleka, muombe ofisi ya wafanyakazi ya meli imwite faragha, akae, ndipo mumpigie. Mtu mzima mmoja wa familia aseme, si watano. Kama kuna Mtanzania au Muislamu mwenzake melini, aambiwe awe karibu. Mikataba mingi ya pamoja, ile baina ya vyama vya mabaharia na kampuni, ina kifungu cha kumruhusu mtu arudi kwao kwa kufiwa au kuuguliwa na mtu wa karibu sana. Akiambiwa mapema anaweza kuuliza. Akifichwa, haki hiyo inampita.

"Wamepiga wanasema kaumia, tutume pesa"

Msitume. Chini ya Mkataba wa Kazi za Baharini, matibabu ya baharia aliyeumia kazini na gharama za kumrudisha ni juu ya mwenye meli. Kampuni haimpigii mama wa watu Wete kumwambia "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Ili mjue nani ni nani, kijana asiondoke bila kuacha karatasi yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la meli, kampuni, namba yake ya uajiri, idara yake, na simu ya dharura ya kampuni. Awe pia amemwandika melini mtu wa kutafutwa ambaye kweli anapokea simu. Kampuni ikinyamaza, shirika la kimataifa la ustawi wa mabaharia, ISWAN, lina huduma ya msaada iitwayo SeafarerHelp, ya bure, saa 24, na hata familia za mabaharia zinapokelewa.