Indeksi ipo, bosi, ila haijui Kiswahili

Mtu wa tatu mwezi huu kaja mezani kwangu, chai mkononi, "Kaka, hii sachi ya tiketi mbovu, si uweke tu indeksi?" Indeksi ipo jamani, ile orodha inayosaidia databesi kupata kitu haraka, na tiketi ni yale maombi ya msaada tunayotumiwa. Ni GIN (aina ya indeksi ya PostgreSQL, databesi yetu) juu ya tsvector (maandishi yaliyokatwa kuwa orodha ya maneno), na inajibu kabla hujatoa kidole kwenye Enter. Kasi sio shida kabisa. Yeye kaandika "funguka", halafu tiketi anayoitaka imeandikwa "mfumo haufunguki tangu asubuhi", na kwa databesi hayo ni maneno mawili yasiyojuana.

Kwa wale wa LIKE '%funguka%', amri ya kutafuta herufi hizo popote kwenye maandishi (asilimia maana yake "chochote"), niwamalize haraka. Ukianza na asilimia, B-tree, ile indeksi ya kawaida, haikusaidii, seva inasoma jedwali zima mstari kwa mstari, na ukiwa na tiketi za miaka kadhaa, kila tiketi na majibu yake, nenda kanywe chai yako urudi. Na hiyo LIKE yenyewe "haufunguki" haiipati, angalia mwisho wa neno. Tumemaliza.

Sasa hili linaloniudhi kweli. Watu wanadhani full-text search, huu utafutaji wa maneno ndani ya maandishi, "inaelewa". Haielewi kitu. Inakata maandishi kuwa maneno, inayapunguza mpaka shina kama ina sheria za lugha hiyo, inaandika neno lipi liko tiketi ipi, basi. PostgreSQL ina haya mambo ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, na inakuja na sheria za Kiingereza, Kijerumani, Kirusi, hata Kifini. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo una njia mbili. Ukitumia usanidi wa english, inalichukua "ifunguke" na kulikata mkia libaki "ifunguk", imekata herufi ya mwisho kwa kujiamini kabisa, wakati takataka zote ziko mbele ya neno. Ukitumia simple, inashusha herufi kubwa kuwa ndogo halafu inakaa kimya. Mi natumia simple, bora asiyejua anayenyamaza.

"Basi tumia nyota ya mwisho, fungu:*." Nimejaribu bwana. Inapata funguka, fungua, funguo. Haipati haufunguki, haijafunguka, nimefunguliwa, kwa sababu hiyo alama inaangalia mwanzo wa neno tu, inafaa lugha ambazo maneno yanabadilika mkiani, na sisi tunapakia nafsi, wakati na ukanushi mbele kama mizigo ya daladala.

Kuna kijana wetu mmoja, mzuri tu, akasema tuandike sheria zetu za kukata viambishi. Jioni moja tukakaa. Kata ku-: "kufunga" inakuwa "funga", safi, tukapongezana. "Kufuli" ikawa "fuli". "Kuku" akabaki "ku". Kata ma-: "mashine" ikawa "shine". Kata m-: "mteja" akawa "teja", na hapo nikamwambia tufunge laptop twende nyumbani kabla watu wa huduma kwa wateja hawajaona. Inawezekana kuifanya vizuri, ukiwa na kamusi ya mashina na uvumilivu, mi sina vyote viwili.

Nilichofanya mwisho ni pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL. Inavunja kila neno vipande vya herufi tatu tatu, kwa hiyo ukitafuta "fungu" inaangalia fun, ung, ngu popote vilipo ndani ya neno, na haufunguki anatokea, na hapo ile LIKE yenye alama mbili za asilimia inaanza kutumia indeksi. Nafurahi nayo, ila sitakudanganya: ukiandika "fung" ili umpate na "nimefungwa", unaletewa na mfungo wa Ramadhani, vifungu vya mkataba, na mtu aliyeomba ufunguo wa stoo. Ukiandika "IP" au "PC" peke yake, herufi mbili, haina hata kipande cha kushika. Kwa hiyo natumia zote mbili, simple kwanza halafu trigramu (hivyo vipande vya herufi tatu) chini yake, na uzito wa kuzipanga nimeuchagua kwa kukisia. Kila nikiugusa kuna mtu analalamika na mwingine anashukuru.

Halafu kuna uchafu ambao hakuna indeksi itakuoshea. Tiketi moja ina majibu kumi na nne, kila jibu limebeba yote yaliyotangulia chini yake, kwa hiyo neno "printa" linahesabiwa mara mia na tiketi hiyo inakaa juu milele. ts_rank, inayoamua tiketi ipi ikae juu, haiangalii neno ni la kawaida kiasi gani kwenye tiketi zote, inahesabu ndani ya hiyo moja tu. Na sahihi za imeili! Sisi sahihi yetu inataja matawi yote, sasa mtu akitafuta "Mwanza" analetewa kampuni nzima. Kata nukuu na sahihi kabla ya kuindeksi, hiyo peke yake ilinisaidia kuliko mambo yote niliyoandika hapo juu.

Ruhusa pia. Siku ya kwanza nilisahau kuchuja maelezo ya ndani, yale tunayoandikiana wafanyakazi, mteja akatafuta jina lake akakuta kipande kinachosema "huyu ni msumbufu, mjibuni taratibu". Alijibu yeye, na sio taratibu.

Picha za skrini bado sijazigusa. Watu hawaandiki kosa, wanapiga picha kwa simu, na indeksi inachokiona ni image001.png. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ina data ya Kiswahili, nimeiweka kwenye seva ya majaribio, ila picha iliyopigwa kwa pembeni na taa ya dari imemulika katikati ya kioo, hata mimi mwenyewe siisomi.