Trafiki iliyobanwa kwenye majaribio ya mzigo: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mfumo wa matokeo ya mitihani au wa kulipia ada hapa Uganda hupata mtihani wake siku moja, watu wote wanapouingia pamoja. Kabla ya siku hiyo, watengenezaji hurekodi mwendo wa mtumiaji mmoja kwa JMeter, zana ya majaribio ya mzigo, kisha huurudia kwa maelfu. Data inayopita huko mara nyingi huwa imebanwa, yaani imepunguzwa ukubwa, na hapo ndipo imani hizi huzuka.

"Rekodi ina herufi za ajabu, basi imeharibika."
Hapana. Kivinjari kilisema kupitia Accept-Encoding, kichwa kinachotumwa pamoja na ombi, kwamba kinaelewa gzip na Brotli (mbinu za kubana data), seva ikabana jibu. Zana isiyojua Brotli itakuonyesha vurugu tupu, na regex (kanuni ya kutafuta maandishi) ya kunasa tokeni, ile alama ambayo seva humpa mtumiaji kumtambua, haitaambulia kitu. Ombi linalofuata linabeba tokeni ya zamani, seva inalikataa, na lawama zote zinamwangukia aliyeandika seva.

"Futa Accept-Encoding, yaishe."
Huu ndio mtego wenyewe. Wakati wa kurekodi ni sawa, maana jibu litakuja wazi na utalisoma. Ukiiacha hivyo wakati wa kupiga mzigo, unapima mfumo mwingine kabisa. Seva imepunguziwa kazi ya kubana, kwa hiyo CPU (kichakataji) yake inapendeza kuliko ilivyo, huku HTML na JSON (maandishi ya kurasa na data) zikipita mtandaoni na unene wake wote. Laini ya mashine yako ya majaribio inaweza kujaa kabla seva haijatoka jasho. Mtu wa Gulu anayenunua bando, yeye anapokea kurasa zilizobanwa. Kwa hiyo rekodi bila kubana, kisha rudisha gzip kwenye HTTP Header Manager, sehemu ya JMeter ya kuweka vichwa vya maombi, kabla ya kupiga mzigo. JMeter itaifungua yenyewe.

"Nimejaribu kwa http, nimemaliza."
Kwa kawaida vivinjari huomba Brotli kwenye HTTPS (http iliyosimbwa) tu. Rekodi ya http haitaiona kamwe. Sakinisha cheti cha JMeter kwenye kivinjari ili iweze kusoma HTTPS, urekodi kama mtumiaji anavyoingia kweli.

"Picha nazo zibanwe."
JPEG imeshabanwa. Unachosha CPU bure.

"Ni majibu tu yanayobanwa."
Baadhi ya programu za simu hubana hata ombi. Ukilirudia kama lilivyorekodiwa, data iliyomo haibadiliki: lifungue kwa skripti, weka vigezo (data tofauti kwa kila mtumiaji), libane upya. La sivyo watumiaji elfu wote watamlipia ada mwanafunzi yuleyule.