Kukaza springi za nyuma hakuifanyi pikipiki kuwa ngumu, naomba tumalize hii stori

Huyu ni mtu wa tatu mwezi huu. Amekuja na Yamaha RD350 aliyoachiwa na babake, ile ya silinda mbili za kupoa kwa hewa, tangi limepigwa rangi mpaka unajiona sura, na cha kwanza kuniambia ni "Fundi, nikipita themanini pale Nyali Bridge hendo inatetema, na springi nshazikaza mpaka mwisho, sasa nifanyeje?" Nikainama nikaangalia, kweli, zile kola za shoki za nyuma, zile pete unazozungusha kukaza springi, ziko ngazi ya juu kabisa pande zote mbili. Na kijana mwenyewe ana kilo 60 hivi, habebi abiria. Nikamwambia zirudishe chini kwanza ndio tuongee, akaniangalia kama nimemtukana mzee wake.

Sikilizeni basi jamani, manake nshachoka kuirudia hii moja moja pale gereji. Springi imezaliwa na ugumu wake. Ugumu umo kwenye unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na ile kola haigusi hata kimoja katika hivyo vitatu. Tuseme una springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 2. Ukiikaza milimita 10 haitasogea mpaka ibebe kilo 20, hapo sawa, lakini ikishaanza kusogea ni kilo 2 kwa milimita vilevile kama jana. Nendeni Kongowea mkaitazame mizani ya kuning'inia ya wauza samaki. Mtu akiichezea sifuri, sindano inaanzia pengine na wewe unaibiwa, lakini kutoka kilo ya kwanza hadi ya pili sindano inatembea umbali uleule. Kola ni sifuri ya shoki. Umechezea sifuri, hujabadilisha mizani.

Najua mtu atasema lakini mimi naiskia ngumu. Ndio, utaiskia ngumu, na hapa ndio penye madhara yenyewe kwa hivyo naomba msiparuke. Mtu mwepesi akikaza mpaka mwisho, shoki inakaa juu kabisa ya safari yake, uzito wake hautoshi kuishusha. Watu wanadhani kazi ya shoki ni kupanda tuta tu, wakati nusu ya kazi yake ni kushuka kwenye shimo. Gurudumu likifika kwenye shimo linatakiwa lidondoke lifuate lami, na ili lidondoke lazima shoki iwe na nafasi ya kurefuka. Kama ishafika juu hakuna pa kwenda, tairi linaning'inia hewani kidogo halafu linagonga ukingo wa pili, na tairi lililo hewani halishiki kona hata ulinunue kwa bei gani. Ndio maana mimi nataka ukikaa juu ya pikipiki ishuke yenyewe kama robo hivi ya safari yote ya shoki, isipite theluthi. Hiyo ndio kazi ya kola, kuweka kimo ukiwa umekaa, basi.

Halafu kuna la pili ambalo hakuna anayeliwaza. Ukiinua nyuma umeinamisha pikipiki mbele, na fimbo za mbele, zile mbili zinazoshika gurudumu, zinasimama wima zaidi. Kuna umbali kati ya pale mstari wa stelingi ungegusa lami na pale tairi lenyewe linapogusa, tairi liko nyuma kidogo ya huo mstari, na huo umbali ndio unaolirudisha gurudumu katikati lenyewe, kama gurudumu la toroli ya supamaketi linavyofuata nyuma ya pini yake. Fimbo zikisimama umbali unapungua. Pikipiki inakata kona kwa wepesi, ndio, mtu anafurahi pale Tudor mitaani, lakini akifika darajani spidi imepanda na upepo wa bahari umemshika ubavuni, hendo inaanza kutafuta njia yake. Yaani kijana alikuwa na mtetemo, akaongeza dawa inayozidisha mtetemo, akaja kwangu kuniuliza kuna ngazi nyingine juu ya hiyo!

Haya, ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi. Nimeinua mbele, nikageuza hendo taratibu kwa kidole, ikafika katikati ikanasa tik. Hiyo ni konseti imekufa, zile bearingi za shingo ya stelingi, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe mahali pale pale zinapokaa ukienda moja kwa moja. Ukishaskia hiyo tik usikaze, kukaza kunazidisha, badilisha seti nzima. Nikashika gurudumu la nyuma na swingamu, ule mkono unaolibeba, nikavuta kushoto kulia, bushi zinacheza. Swingamu ikicheza gurudumu la nyuma linajigeuzia stelingi lenyewe, na hakuna springi wala oili itakayotibu hilo. Tairi la mbele lina tarakimu nne ubavuni, 2309, wiki ya 23 ya mwaka 2009, meno bado yamejaa kwa hivyo yeye anasema ni jipya. Ulibonyeze kwa kucha ni kama mbao. Na la nyuma mtu amemvalisha pana. RD350 ilitoka na 3.00-18 mbele na 3.50-18 nyuma, ukivalisha pana kwenye rimu nyembamba tairi linabanwa kingo linachongoka juu, na kulala kona linalala kwa kushtuka.

Kupanga magurudumu sitaongea sana. Zile alama za kwenye swingamu pale pa kukazia cheni msiziamini, chukueni uzi, uzungushe tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili, tairi la mbele ni jembamba kwa hivyo nafasi zibaki sawa kushoto na kulia. Dakika kumi. Upepo wa tairi fuata kitabu cha pikipiki, usifuate kijana wa pampu.

Oili ya fimbo za mbele ndio imani nyingine, "weka nzito itulie". Fimbo hizi za zamani ndani hazina vali za maana, ni oili inapita kwenye matundu ya ukubwa mmoja, na upinzani wa tundu unapanda kwa mraba wa spidi, spidi ya fimbo ikiwa mara mbili upinzani ni mara nne. Ukiweka nzito unaziba kote, kwa hivyo ukifunga breki kwa upole utaskia imetulia, raha, halafu ukigonga kingo kali fimbo inakuwa kama chuma kitupu na mikono inajua. Mimi napanda hatua moja tu, na hapo pia nitasema ukweli, namba iliyo kwenye chupa hainiambii kitu kwa uhakika, oili za kampuni mbili zote zimeandikwa 10 na moja inatiririka kama maji kuliko nyenzake. Nshawahi kuweka, nikamwaga, nikaweka nyingine, siku nzima. Na kabla ya oili angalia fimbo zenyewe, chumvi yetu hii ya pwani inaitoboa kromu vidoti vidoti na vile vidoti vinakata sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, utabadilisha sili kila mwezi ukilaumu sili.

Kuhusu tu-stroki yenyewe, maana ndio injini ya hii RD, ukifunga mafuta haikushikilii kama fo-stroki, unaingia kona na spidi yako yote, halafu ukifungua mafuta, injini ikishakubali nguvu inakuja kwa mkupuo, uzito unarudi nyuma na mbele kunakuwa kwepesi katikati ya kona. Breki umalize kabla ya kona, mafuta fungua mapema na kidogo kidogo. Nusu ya "handling mbaya" ninayoletewa ni hii.

Sasa kile kinachonisumbua mimi. Ya huyu kijana nilibadilisha konseti, bushi na matairi kwa siku moja, nikashusha kola, ikatulia mpaka mia. Kipi kati ya hivyo kiliponya? Siwezi kuapa. Moyo wangu uko kwa konseti, lakini nshawahi kuona tairi peke yake likimaliza mtetemo kama huo. Kufanya moja moja na kupanda kujaribu kila mara ndio njia ya haki, ila mteja anataka piki yake jioni. Na zile konseti za rola badala ya gololi, kuna nilizofunga zikawa tamu na kuna zilizofanya hendo nzito taratibuni, na nadhani hizo za pili nilizikaza mimi kupita kiasi.

Ukija kupima kimo, njoo umevaa vile unavyoendesha kila siku, helmeti na begi pia. Na kama kuna mtu unambeba nyuma kila asubuhi kupeleka kazini, njoo naye, tutapima mara mbili, kwa sababu ngazi ya peke yako na ngazi ya wawili si moja.