Je, wajua kwa nini ndoa ya kweli inaweza kugonga mwamba kwa sababu ya mshahara?

Mwanamke amesafiri na basi la usiku kutoka Mombasa, na saa moja asubuhi yuko Nairobi kwenye foleni ya ubalozi wa Marekani, faili kifuani. Ndani ya faili mna cheti cha ndoa, picha tangu siku ya posa, risiti za fedha alizotumiwa na mazungumzo ya simu yaliyochapwa kurasa kwa kurasa. Dirishani anaulizwa walikutana wapi, harusi ilihudhuriwa na nani, mume anafanya kazi gani. Anajibu bila kusitasita. Afisa haoni shaka kwamba hawa ni mume na mke. Hata hivyo anampa karatasi inayosema viza haitatoka kwa sasa. Akifika nje anapiga simu Ohio: "Mume wangu, hawana neno na ndoa yetu. Wanataka karatasi zako wewe."

Mfano huu nimeutunga, ila yanayouleta ni ya kweli. Serikali ya Marekani humuuliza mwenzi anayehamia maswali mawili, na wengi hujiandaa kwa moja tu. La kwanza ni kama ndoa ni ya kweli. La pili ni kama huyo anayekuja huenda akaishia kulishwa na serikali. Hilo la pili ndilo linaloitwa kuwa "mzigo kwa umma". Limo katika kifungu cha 212(a)(4) cha sheria ya uhamiaji, na cheti cha ndoa hakilijibu, hata kiwe na mihuri kumi.

Swali lenyewe ni la zamani. Sheria ya uhamiaji ya Agosti 1882 ilimzuia kuingia mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, kilichofunguliwa kwa wahamiaji mwaka 1892, wanawake waliofika peke yao walizuiwa mpaka mume au ndugu aje kuwachukua. Mwanamke asiye na mwanamume wa kumlisha alihesabiwa kuwa mzigo kabla hajafungua mdomo. Mwaka 1930, uchumi ulipoporomoka, serikali ya Rais Herbert Hoover iliwaagiza makonsuli wake walitumie kigezo hicho kwa ukali, na viza zikapungua mno. Miaka michache baadaye Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler walikutana na mlango huohuo.

Kilichobadilisha mambo kwa wanandoa ni sheria ya 1996. Kabla yake, barua ya jamaa aliyeko Marekani kwamba atamsaidia mgeni ilikuwa ahadi ya mdomo tu mbele ya mahakama. Tangu fomu I-864 ianze kutumika Desemba 1997, ahadi hiyo ni mkataba. Sheria inamtaka afisa apime umri wa mwombaji, afya yake, familia yake, mali na kipato chake, elimu na ujuzi wake. Lakini kwa mwenzi wa ndoa hayo yote hukaa nyuma ya karatasi hiyo moja. Bila I-864 iliyotimia, mke mwenye shahada mbili na afya ya chuma atakataliwa vilevile.

Fomu inataka nini? Mume au mke aliyeko Marekani, awe raia au mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), aonyeshe kwamba kipato chake ni angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa ukubwa wa kaya yake. Aliye jeshini na anamleta mwenzi wake hutakiwa asilimia 100 tu. Kwa viwango vya 2025, ukiacha Alaska na Hawaii, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, na ya wanne dola 40,187.

Mrudie yule mume wa Ohio. Tuseme anafanya kazi ghalani kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Hiyo ni dola 37,440. Kama ni yeye na mkewe tu, anapita bila kikwazo. Lakini anaishi na watoto wawili wa ndoa ya kwanza, kwa hiyo kaya ni watu wanne, na mshahara uleule haufikii kiwango kwa dola 2,747. Hakuna aliyedanganya wala aliye mvivu. Ni hesabu tu.

Na hesabu hiyo ina mambo yanayouma. Mtu uliyewahi kumdhamini kwa I-864 huhesabiwa katika kaya yako maadamu udhamini wake haujaisha. Ukimleta mke wa kwanza, mkaachana baada ya miaka mitatu, kisha ukaoa tena, mtalaka wako bado yumo kwenye kaya yako machoni pa fomu, hata kama hamjasalimiana tangu siku ya talaka. Kwa upande mwingine, wazazi unaowatumia fedha kila mwezi kule Kigoma au Kakamega fomu haiwaoni, kwa kuwa wanaoishi huko kwa kawaida huwezi kuwaandika kama wategemezi kwenye kodi yako ya Marekani. Kwa wengi wetu hao ndio mzigo wenyewe, na karatasi inaupita kimya.

Kuna jambo moja ambalo naliandika nikiwa na uchungu, kwa kuwa huwakuta watu wachapakazi. Dereva wa lori au wa teksi anayejiajiri anaweza kuingiza dola 60,000 kwa mwaka, mkononi anaziona. Msimu wa kodi ukifika anatoa mafuta, bima, matengenezo na maili alizoendesha, na ritani, yaani fomu ya mapato anayoipeleka kwa watoza kodi, inabaki na faida ya dola 22,000. Kodi imepungua, amefurahi. Mwaka unaofuata anajaza I-864, na kinachotazamwa ni kile kilichobaki kwenye ritani. Makato yake ni halali kabisa, lakini ndiyo yanayomwacha mkewe ng'ambo. Anayepanga kumleta mwenzi wake aliweke hilo akilini mwaka mmoja au miwili kabla, akae na mtu wa kodi anayejua uhamiaji.

Kipato kikipungua, njia zipo. Ndugu anayeishi nyumba moja na mdhamini anaweza kuunganisha kipato chake kwa fomu I-864A. Mali pia inakubalika: akiba ya benki, hata kiwanja, ilimradi kinaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja. Mali ya mwombaji aliye Afrika nayo inaweza kuhesabiwa ikiwa ina hati na tathmini, na fedha zake zinaweza kuhamishwa. Hapa raia na mwenye grinikadi hawako sawa. Mwenzi wa raia anatakiwa mali ya mara tatu ya pengo, na mwenzi wa mwenye grinikadi mara tano. Pengo la dola 2,747 linazibwa na dola 8,241 kwa mmoja na dola 13,735 kwa mwingine.

Njia ya tatu, na ndiyo inayokimbiliwa zaidi, ni mdhamini mwenza. Si lazima awe ndugu. Awe raia au mwenye grinikadi, ametimiza miaka 18, na makazi yake yawe Marekani. Kuna kosa linalofanyika sana hapa: watu hudhani kipato cha mume na cha mdhamini mwenza hujumlishwa. Hapana. Mdhamini mwenza lazima afikishe kiwango akiwa peke yake, kwa kaya yake mwenyewe ukimwongeza mgeni. Kaka mwenye mke na watoto wanne anaweza kuwa na mshahara mnono na bado asitoshe. Na mume mwenyewe haondoki kwenye orodha. Bado anajaza fomu yake na kuisaini.

Kwetu kusaidiana ni desturi, na ombi kama hili hupokewa kwa "hamna shida, niletee nisaini". Tafadhali, mtu asisaini hivyo. Saini hiyo haiishi ndoa ikivunjika. Inaisha aliyedhaminiwa akipata uraia, au akihesabiwa robo 40 za kazi, ambazo kwa kuwa mwaka una robo nne ni kama miaka kumi, au akihama moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au mmoja wao akifariki. Talaka haimo. Mke aliyeachwa anaweza kumshtaki mdhamini mahakamani ili amtunze kwa kiwango kilekile cha asilimia 125, na mahakama za Marekani zimewahi kumpa haki hiyo hata pale wanandoa walipokuwa wamesaini mkataba kabla ya ndoa kwamba hakuna atakayemdai mwenzake. Shemeji aliyesaini kwa upendo naye anabanwa na mkataba huohuo.

Sasa hofu ya misaada. Mwaka 2019 serikali ya Rais Trump ilitoa kanuni iliyoingiza msaada wa chakula wa SNAP, sehemu kubwa ya Medicaid, ambayo ni bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na nyumba za ruzuku katika hesabu ya mzigo. Ilianza kutumika Februari 2020 na kuondolewa Machi 2021. Kanuni iliyoanza Desemba 2022 ilirudisha mtazamo wa awali: kinachotazamwa ni misaada ya fedha taslimu ya kujikimu, kama SSI ya wazee na walemavu wasio na kipato na TANF ya familia maskini zenye watoto, na kulazwa kwa muda mrefu katika nyumba za uangalizi kwa gharama ya serikali. Chakula cha shule, chanjo, SNAP na misaada wanayopata watoto waliozaliwa Marekani havihesabiwi dhidi ya mama anayeomba ukaazi chini ya kanuni hiyo. Lakini hofu haifuati kanuni. Kumekuwa na akina mama waliowatoa watoto wao raia kwenye bima ya afya kwa uvumi uliosikika saluni, na hilo linasikitisha, kwa sababu mtoto yule hakuwa na kosa lolote kwenye faili la mama yake.

Ajabu ni kwamba, kwa sheria nyingine ya mwaka uleule wa 1996, wenye grinikadi wengi wapya hawaruhusiwi kupata misaada mikuu ya serikali kuu kwa miaka mitano ya mwanzo. Mke anakataliwa viza kwa hofu ya msaada ambao, akifika, kwa miaka mitano asingepewa hata angeuomba.

Kanuni zenyewe ziko njiani kubadilika tena. Novemba 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza pendekezo la kuifuta kanuni ya 2022. Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, hoja ikiwa ileile ya mzigo kwa umma. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwamo, Kenya haikuwamo. Kwa hiyo Mtanzania anayesoma haya anaweza kuwa na I-864 isiyo na dosari na bado asipate viza, na aangalie tangazo la siku hiyo kabla ya kulipa ada yoyote.

Wapo wasioguswa kabisa na kigezo hiki. Wakimbizi ni miongoni mwao. Mkongo aliyepita kambi ya Nyarugusu akahamishiwa Marekani anaweza kumwombea mke waliyeoana kabla hajaingia huko kwa fomu I-730, na hapo hakuna anayeuliza mshahara. Ila ombi liwasilishwe ndani ya miaka miwili tangu aingie. Akichelewa, akasubiri mpaka awe raia na kumwombea kwa njia ya kawaida, anaingia kwenye I-864 kama mtu mwingine yeyote. Miaka miwili hupita upesi kwa mtu anayejifunza lugha mpya huku akifanya kazi zamu ya usiku. Mwingine asiyeguswa ni mwenzi anayepigwa au kuteswa na mumewe au mkewe aliye raia au mwenye grinikadi. Huyo anaweza kujiombea mwenyewe, bila saini ya anayemtesa na bila I-864. Hili lisemwe kwenye vikao vya akina mama, misikitini na makanisani, maana tishio la "nisipokusainia utarudishwa kwenu" limewafunga wengi midomo.

Yule mwanamke wa Mombasa hajashindwa. Karatasi aliyopewa inataja kifungu cha 221(g), maana yake faili liko wazi na ana mwaka mmoja wa kuleta kilichopungua. Mume amempigia kaka yake wa Minnesota, mwenye mke na mtoto mmoja. Ukimwongeza shemeji yake, kaya yake ni watu wanne, na mshahara wake unavuka dola 40,187. Kinachotakiwa kutoka kwake ni I-864 yake mwenyewe, ritani ya kodi ya karibuni, uthibitisho wa mshahara na nakala ya cheti cha uraia. Kabla ya hayo yote ameomba apewe jioni moja akae na mkewe, waisome pamoja sehemu ya fomu inayoeleza mkataba huo unaisha lini.