Muswada ukipita, kazi ndiyo kwanza inaanza

Vyama na mashirika yanayonilipa kwa ushauri yana sentensi moja inayonichosha: "Muswada umepita, tumemaliza." Hamjamaliza chochote. Rais akishatia saini, sheria inahamia kwa watendaji, na hao ndio wanaoandika kanuni: nani ataripoti, lini, kwa kina gani, na nani atasamehewa. Wapinzani wenu wanalijua hilo. Ndiyo maana hawakununa siku ya kura.

Chukueni sheria ya Dodd-Frank ya Marekani, iliyosainiwa Julai 2010. Kifungu cha 1504 kilizitaka kampuni za mafuta, gesi na madini zitangaze fedha zinazozilipa serikali. Kuandika kanuni kuliachiwa nani? Tume ya masoko ya hisa, SEC. Tume ikavuta miguu mpaka Oxfam America, shirika la kupambana na umaskini, wakaishtaki. Kanuni ikatoka Agosti 2012. American Petroleum Institute, chama cha kampuni za mafuta, wakaenda mahakamani na wenzao, na Julai 2013 jaji akaifuta. Ya pili ikatoka Juni 2016. Februari 2017 Bunge likaitupa kwa azimio, Rais akasaini. Ya tatu ikapitishwa Desemba 2020. Miaka 10, kanuni 3, na kifungu chenyewe kimebaki palepale.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja huupokea kwa kukunja uso: nusu ya bajeti iwekeni kwa ajili ya kipindi cha maoni. Tangu 1946 sheria ya Marekani inazitaka idara zichapishe rasimu na kupokea maoni ya umma, na mahakama huweza kufuta kanuni iliyopuuza hoja nzito. Hoja nzito, nasema. Barua elfu moja zilizonakiliwa neno kwa neno hazifui dafu mbele ya kurasa nne zenye hesabu ya gharama, aya inayolalamikiwa na maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Sijui kwa nini watu bado wanapenda kukusanya saini.

Wapo wanaonibishia kwa kauli tatu. Ya kwanza: "Ushawishi ni bahasha tu." Tangu 1907 kampuni za Marekani zimekatazwa kuwachangia moja kwa moja wagombea wa ngazi ya shirikisho. Fedha zina njia nyingine, sikatai. Lakini msaidizi wa mbunge aliyezidiwa na makabrasha anamtafuta mtu wa kumweleza jedwali la kiambatisho lina maana gani, na anayemjibu leo ndiye atakayepigiwa simu kesho.

Ya pili: "Watendaji hutii amri tu." Wanasheria wa idara mara nyingi husaidia kuandika muswada uleule watakaokuja kuutekeleza. Kisha bajeti yao hupita mikononi mwa kamati ya Bunge, kwa hiyo hutega sikio vizuri mwenyekiti wake anapokohoa.

Ya tatu: "Pembetatu ya idara, kamati ya Bunge na wenye maslahi haivunjiki." Huvunjika. Bodi ya usafiri wa anga ya Marekani ilipanga nauli na njia za ndege tangu 1938, na mashirika mengi makubwa ya ndege yaliupenda utaratibu huo kwa sababu uliwazuia washindani wapya. Seneta Edward Kennedy akaanza kuihoji bodi hadharani 1975. Sheria ya kulegeza masharti ikapita 1978, na kufikia mwisho wa 1984 bodi ikafungwa. Mmoja wa waliousukuma mpango huo kwa nguvu zaidi alikuwa Alfred Kahn, mwenyekiti wa bodi yenyewe.