Vinywaji vya matunda na tangawizi nyumbani: maswali na majibu kwa familia za Goma

Je, maji ya ziwa yakitiwa limau yanahitaji bado kuchemshwa?

Ndiyo, na hili ndilo ninalotamani kila mama na kila baba alishike kabla ya kununua hata tunda moja. Ukali wa limau hudhoofisha baadhi ya vijidudu, lakini hautegemewi kuua vile vya kipindupindu, ugonjwa ambao mji wetu unaujua kwa uchungu: mwezi wa Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamejaa Goma na kandokando yake, na hadi leo kipindupindu hakijaacha kurudi. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, kisha yaache yaendelee kutokota kwa dakika moja au zaidi. Kwa kuwa tunaishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji yetu hutokota yakiwa na nyuzi joto 95 hivi, na joto hilo linatosha.

Anayekosa makaa anaweza kutumia klorini inayotiwa kwenye bidoni pale maji yanapochotwa, mradi asubiri dakika 30 kabla ya kuyatumia. Asikamulie limau wala marakuja ndani ya muda huo, kwa sababu juisi ya matunda humaliza nguvu ya klorini kabla haijaua vijidudu. Barafu nayo ni maji: ikiwa imetengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, inachafua kinywaji kizima, hata kama kila kitu kingine kilifanywa kwa usafi.

Kinywaji cha tangawizi na nanasi kinatengenezwaje?

Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha nanasi kwa maji safi kabla ya kulimenya, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani ya nyama ya tunda. Twanga vipande viwili vya tangawizi vyenye ukubwa wa kidole gumba, uvichemshe pamoja na maganda ya nanasi katika lita mbili za maji kwa dakika 20 hivi, sufuria ikiwa imefunikwa. Kikipoa, kichuje, ndipo ukamulie limau mbili. Ukizitia kikiwa kingali motoni, sehemu ya vitamini C inapotea. Usikiache kilale katika sufuria ya alumini, kwani uchachu wa matunda huyeyusha madini ya chombo.

Kuhusu sukari, nanasi lenyewe ni tamu, na mimi ningeanza bila kuongeza kitu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai, na katika hesabu hiyo asali na juisi ya matunda pia zimo. Mgonjwa wa kisukari afadhali ale tunda zima kuliko kunywa juisi yake.

Je, tangawizi au chai ya artemisia inatibu malaria?

Hapana. Tangawizi inaweza kupunguza kichefuchefu, basi. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande amuulize daktari kabla ya kuinywa kwa wingi. Artemisia ni kweli ndiyo asili ya dawa ya artemisinini, lakini kiasi cha dawa kinachopatikana katika kikombe cha chai hubadilika na mara nyingi ni kidogo mno, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia hivyo. Mwenye homa apimwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtoto anahara. Nimpe juisi?

Usimpe, kwa sababu sukari nyingi huvuta maji kuingia matumboni na kuongeza kuhara. Mpe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kwa maana chumvi ikizidi inaweza kumdhuru. Endelea kumnyonyesha. Akihara maji mengi meupe kama yaliyooshea mchele, au damu, akilegea, au macho yakididimia, mpeleke kituoni mara moja huku ukimnywesha njiani.

Mtoto aliye chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama, na asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kinywaji kinakaa muda gani?

Bila friji, kinywewe siku hiyohiyo. Ndani ya friji kinakaa siku mbili, ila umeme ukikatika kwa saa nyingi usikihesabu tena kuwa kimehifadhiwa. Kikitoa povu au harufu ya pombe, kimwage, kisha chupa ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kutumiwa tena.